Bamba Linalosubiri Sahihi

Mkazi wa Voi anaweza kudhani kwamba ukarabati wa meli haumhusu. Bahari iko kilomita 150 hivi kutoka hapa, na Ziwa Victoria liko mbali zaidi. Hata hivyo chuma cha meli kimekuwa kikipita katika mji huu tangu zama za reli ya zamani. Mabamba ya MV Uhuru, meli ya kuvusha mabehewa iliyoundwa Scotland na kuunganishwa Kisumu katikati ya miaka ya 1960, yaliteremshwa Mombasa na kupandishwa bara kwa reli hiyohiyo. Leo vijana wanaojifunza kuchomelea na kukereza vyuma katika Coast Institute of Technology hapa Voi wanaandaliwa kwa kazi zilezile zinazofanywa katika karakana za Mbaraki na Mtongwe. Kwa hiyo swali la kwa nini meli hukaa chelezoni kupita siku zilizopangwa ni swali letu pia. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo hutokea wakati hakuna kazi inayofanyika, yaani kazi ikiwa imelala ikingoja uamuzi wa mtu fulani. Programu za kompyuta za kusimamia mtiririko wa kazi zinaweza kupunguza kungoja huko, ila kwa sharti moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau: zibebe mamlaka ya kuamua, zisiishie kubeba taarifa tu.

Ukarabati hutofautiana na uundaji wa meli mpya kwa jambo moja la msingi. Hakuna anayejua ukubwa wa kazi mpaka meli itoke majini. Mkataba hutiwa sahihi meli ikiwa bado inaelea, kwa kutegemea kumbukumbu za safari, ripoti ya ukaguzi uliopita na makisio ya mhandisi wa mwenye meli. Kisha meli inaingia chelezoni, maji yanavutwa nje kwa pampu, chaza na mwani vinaparuzwa, rangi ya zamani inaondolewa, na hapo ndipo chuma kinapoonekana kilivyo. Fundi hupita na kifaa kidogo cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti. Tuseme amefika kwenye bamba lililowekwa likiwa na unene wa milimita 10, akakuta zimebaki 6. Mkaguzi analizungushia chaki: hili litakatwa.

Tulifuate bamba hilo moja. Nyuma yake kuna tangi la mafuta. Tangi lazima limwagwe, lisafishwe, lipigwe hewa, lipimwe, na cheti kitolewe kwamba halina gesi, kwa sababu kuwasha moto wa kukatia karibu na mvuke wa mafuta ni kuua watu. Wakati huohuo karakana inaandika makadirio ya bei ya kazi hii ambayo haikuwamo kwenye mkataba, na mwenye meli anapaswa kuikubali kwa maandishi. Chuma chenyewe kinatafutwa ghalani, na si chuma chochote, bali cha daraja la meli kilicho na cheti cha kiwandani. Bamba jipya linakatwa, linapindwa kufuata umbo la tumbo la meli, linachomelewa, mishono inakaguliwa, tangi linajaribiwa kama linavuja, mkaguzi anarudi kuridhia, kisha rangi inapakwa. Mchomeleaji mzuri anaweza kumaliza sehemu yake kwa siku moja au mbili, huku safari nzima ya bamba ikimeza wiki mbili. Siku zilizobaki bamba lilikuwa likisubiri: mhandisi aliyesafiri, barua ya bei iliyokaa mezani, mkaguzi ambaye hakuarifiwa kwamba mshono uko tayari, cheti cha gesi kilichoisha muda kabla mafundi hawajapata chuma, ikabidi tangi lipimwe upya. Meli moja inaweza kuwa na mabamba ya namna hii kwa makumi, pamoja na valvu, mihimili ya rafadha, nyaya na mabomba, na kila kimoja kina foleni yake.

Ushahidi mzuri zaidi wa ninayosema unatoka mahali ambapo fedha si tatizo la kwanza. Agosti 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti kuhusu karakana nne za jeshi la majini la nchi hiyo. Kati ya matengenezo 51 ya manowari na meli za kubeba ndege yaliyopangwa kumalizika katika miaka ya fedha ya 2015 hadi 2019, 38 yalichelewa, na jumla ya siku zilizopotea ilikuwa 7,424. Kazi ambazo hazikuwamo kwenye mpango, zile zilizogunduliwa baada ya mpango kufungwa, zilihusishwa na zaidi ya siku 4,100. Uchache wa wafanyakazi na upungufu katika utendaji wao ulihusishwa na zaidi ya siku 4,000. Takwimu hizi zinafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kazi isiyotarajiwa ni adui mkubwa wa ratiba hata kwa taifa lenye wahandisi tele. Pili, na hili wauzaji wa programu hawalitaji, sehemu nyingine nzito ya tatizo ni mikono na ujuzi, na hakuna programu inayochomelea chuma. Anayetaka meli zitoke mapema sharti afundishe mafundi, na darasa la ufundi la hapa Voi lina uzito wake katika hesabu hiyo.

Kisumu inatuonyesha jambo hilohilo kwa sura nyingine. MV Uhuru ilikaa zaidi ya miaka 10 bila kufanya kazi kabla ya kufufuliwa mwaka 2019, na mafundi wa jeshi la majini la Kenya walikuwa na mchango mkubwa katika ufufuzi huo. Mwaka uliofuata shirika la Kenya Shipyards likaanzishwa, na kwenye ufuo huohuo likaunda MV Uhuru II, meli yenye urefu wa mita 100, kwa usanifu wa kampuni ya Damen ya Uholanzi. Zitazame meli hizi mbili kwa jicho la mpangaji kazi. Katika meli mpya kila kipande kina namba, kina mchoro, na kina zamu yake. Mtiririko wa kazi umekwisha kuandikwa kabla chuma cha kwanza hakijakatwa. Meli iliyozeeka haina anasa hiyo. Michoro yake imechakaa, mabomba yamebadilishwa mara nyingi bila kuandikwa, na mafundi walioijua wamestaafu. Mtiririko wa kazi unaandikwa huku kazi ikiendelea, na hapo ndipo programu inapokuwa na faida kubwa kuliko inavyokuwa katika ujenzi mpya.

Inafanya nini hasa? Kila kazi, kuanzia bamba letu hadi valvu ndogo, hupewa kadi yake. Kadi inaonyesha hatua iliyofikiwa, jina la mtu anayeishikilia sasa, na muda aliopewa. Fundi hupiga picha ya kutu kwa simu akiwa ndani ya tangi, picha inakaa kwenye kadi pamoja na vipimo, na mhandisi wa mwenye meli anaiona akiwa Nairobi. Asipojibu ndani ya muda uliokubaliwa, kadi inapanda kwa mkubwa wake yenyewe, bila fundi kulazimika kumpigia mtu anayemwogopa. Programu hukataa kufungua hatua ya kukata ikiwa cheti cha gesi hakipo au kimeisha muda. Na kila usiku inajumlisha saa za kusubiri peke yake na saa za kazi peke yake. Jambo hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ni kawaida ya karakana kuandika saa ambazo mafundi wamefanya kazi, kwa sababu ndizo zinazolipwa, na kutoandika saa ambazo kazi imelala. Kisichoandikwa hakina wa kukiulizia.

Kuna watakaosema kwamba kazi hii tayari inafanywa kwa WhatsApp. Ni kweli, na si ya kudharauliwa. Makundi ya simu yameokoa siku nyingi. Lakini picha ya bamba iliyotumwa asubuhi huwa imezama jioni chini ya salamu na picha nyingine 60, na ikifika siku ya kugombania malipo hakuna anayeweza kuonyesha nani aliidhinisha nini, kwa bei gani, saa ngapi.

Pingamizi zito zaidi ni la kisheria. Vivuko vya Likoni na meli nyingi za ziwani ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 ina masharti makali katika kifungu cha 139. Bei ya mkataba haipandishwi ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi. Kiasi cha bidhaa na huduma hakiongezwi kupita asilimia 15, ujenzi hauongezwi kupita asilimia 20, na mabadiliko yote kwa jumla yasizidishe thamani ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Kila badiliko lipate idhini ya maandishi. Masharti haya yaliwekwa kwa sababu nzuri. Wananchi wameibiwa sana kupitia kazi za ziada. Afisa mhasibu anayekawia kutia sahihi mara nyingi hafanyi uzembe, anajilinda. Je, programu itamsaidia nini? Peke yake, kidogo. Msaada unatoka kwenye namna zabuni inavyoandikwa. Karakana za meli duniani kote zina desturi ya kutoza chuma kwa kilo na rangi kwa mita ya mraba. Zabuni ikieleza viwango hivyo mapema, pamoja na kiasi cha makisio kilichokwisha kushindaniwa, bamba la ziada haliwi badiliko la mkataba. Linakuwa kilo kadhaa zilizochukuliwa kutoka kiasi kilichoidhinishwa. Hapo programu inapata kazi ya maana: kuhesabu kilo zilizotumika, kuonyesha zilizobaki, na kupiga kengele kabla ukomo haujafikiwa. Mkaguzi wa hesabu anapata picha, kipimo, tarehe na jina. Huo ni ulinzi imara kuliko faili lililofungwa kwa uzi.

Wengine watakumbusha kwamba serikali tayari ina IFMIS, mfumo wa kusimamia fedha kwa kompyuta, na bado wakandarasi wanalia kuhusu malipo. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana nimeweka lile sharti mwanzoni. Mfumo unaosema karatasi iko wapi bila kusema lazima ijibiwe lini, na nani ataamua asipojibu, umehamisha foleni kutoka mezani hadi kwenye kioo. Kabla ya kununua programu yoyote, mwenye meli na karakana wakae waandike: mhandisi aliye chelezoni ana mamlaka ya kuidhinisha kazi ya shilingi ngapi bila kuuliza? Zaidi ya hapo nani, ndani ya saa ngapi? Wasipoweza kukubaliana juu ya hayo, fedha zao wazinunulie mashine za kuchomelea.

Hofu ya mafundi nayo ina msingi. Kifaa kinachoandika muda kinaweza kugeuzwa fimbo ya kuwachapa wa chini, ilhali kusubiri kwingi husababishwa na wa juu. Dawa yake ni kupima muda wa kadi kukaa katika kila meza, za wakubwa zikiwamo, na matokeo yabandikwe ukutani mahali wote wanapopita.

Turudi Taita Taveta, maana tuna kazi zetu zenye umbo hilihili. Bomba la maji la Mzima, linaloanzia kwenye chemchemi ndani ya Tsavo Magharibi na kufika Mombasa baada ya kilomita 220 hivi, lilizinduliwa mwaka 1957. Bomba la umri huo ni meli iliyozikwa ardhini: ukubwa wa kutu haujulikani mpaka shimo lichimbwe. Kipande kinapopasuka, kufunga valvu na kuchimba si kazi ya siku nyingi. Yanayoweza kurefusha kiu ya Voi ni yaleyale ya chelezoni: idhini ya kununua kipande, bomba la kipenyo sahihi ambalo haliko ghalani, na mashine ya kuchimbia iliyo kwenye kazi nyingine. Kampuni ya maji ya TAVEVO, karakana ya magari ya kaunti, na hata mitambo ya kukamua katani pale Mwatate zinaweza kuanza bila kununua programu yoyote, kwa jedwali moja la kompyuta na nidhamu ya kuandika, kwa kila kazi, saa iliyoingia meza fulani na saa iliyotoka. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta wangeweza kulichambua jedwali hilo kwa muhula mmoja na kuonyesha meza ipi ndiyo shingo ya chupa.

Yule atakayefika hatua ya kununua programu kamili asome mkataba wake kwa makini kuhusu umiliki wa kumbukumbu. MV Uhuru imeishi zaidi ya nusu karne. Kampuni chache za programu hudumu hata robo ya muda huo. Picha za mabamba, vipimo vya unene na majina ya walioidhinisha vibaki mali ya mwenye meli, katika faili za kawaida zinazoweza kufunguliwa bila leseni ya mtu yeyote, na nakala ihamishwe kila meli inapotoka chelezoni. Mkaguzi atakayerudi na kifaa chake baada ya miaka mitano atahitaji kujua ni bamba lipi lilipimwa milimita 8 safari hii, ili safari ijayo chuma chake kiwe kimeagizwa kabla meli haijatoka majini.