Kamba ya Kitovu Yenye Mishipa Miwili: Kwa Nini Daktari Anauliza Moyo wa Mtoto?

Leo tunazungumzia jambo ambalo mama huambiwa kwenye skani kisha akarudi nyumbani akakosa usingizi: "Kamba ya mtoto ina mishipa miwili."

Kamba ya kitovu humuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Kwa kawaida ina mishipa mitatu: mmoja mpana unaompelekea mtoto damu yenye chakula na hewa safi, na miwili myembamba inayorudisha damu iliyotumika. Katika mimba moja hivi kati ya kila 100 au 200, mshipa mmoja mwembamba haupo. Kwa mapacha huonekana zaidi. Kamba kujizungusha shingoni ni jambo lingine kabisa, msichanganye.

Sasa moyo unaingiaje hapa? Moyo na kamba huumbika katika majuma yale yale ya mwanzo, pengine kabla mama hajajua ana mimba. Palipo na hitilafu moja huenda pakawa na nyingine, hasa kwenye moyo au figo. Watoto walio wengi wenye hali hii peke yake huzaliwa wazima. Na kosa si la mama: hakuna mzigo aliobeba wala mwiko aliovunja uliosababisha haya.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate skani moja kabla ya majuma 24. Moyo huonekana vizuri kati ya majuma 18 na 22, kwa hiyo usingoje mwezi wa nane ndipo uende kliniki. Ukiwa pale uliza bila kuona haya: Je, vyumba vinne vya moyo vimeonekana? Na mishipa mikubwa miwili inayotoka moyoni? Figo je?

Kama vyote vimeonekana sawasawa, mara nyingi hapahitajiki skani maalum ya moyo. Utarudia tu skani ya kawaida kati ya majuma 28 na 32, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa hukua polepole. Nalisema hili kwa sababu nauli ya kutoka Mfangano si mchezo, na hakuna haja ya kuuza mbuzi kwa safari isiyohitajika.

Lakini kama moyo haukuonekana vizuri, au kuna hitilafu nyingine, au mama ana kisukari, safari hiyo inafaa. Omba barua katika hospitali ya kaunti, Homa Bay au Migori, ya kukupeleka kwa mtaalamu wa moyo wa watoto, pengine Kisumu, Eldoret au Nairobi. NHIF iliondoka Oktoba 2024 na SHA ikachukua nafasi yake. Jiandikishe mapema, si siku ya uchungu.

Faida ya kujua mapema ni hii. Tumboni kuna njia ndogo ya damu karibu na moyo ambayo hufunga siku chache baada ya kuzaliwa. Mtoto mwenye kasoro kubwa aweza kulia vizuri siku ya kwanza, kisha akazidiwa njia hiyo inapofunga. Aliyejulikana mapema huzaliwa penye oksijeni na madaktari. Upasuaji wa moyo wa watoto unafanywa hapa Kenya, kwa mfano Mater kule Nairobi na Tenwek kule Bomet.

Wewe uliyejifungua bila skani, mwambie muuguzi ahesabu mishipa kamba ikishakatwa. Ni kazi ya dakika moja. Nyumbani mwangalie mtoto anaponyonya. Akitoka jasho jingi, akihema mbio, akichoka na kuacha titi kila mara, au asipoongeza uzito, wengine watasema ni chira. Mpeleke hospitali kwanza. Na midomo au ulimi ukigeuka buluu, usingoje asubuhi.