Ombi Kupokelewa Si Pesa Kuingia

Mteja wa duka la mtandaoni jijini Nairobi akibonyeza kitufe cha kulipa kwa M-Pesa, seva ya duka hutuma ombi kwa Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu za nje na M-Pesa. Jibu hurudi papo hapo likiwa na namba 0, na mwandaaji programu asiye mzoefu huandika "imelipwa". Hapo ndipo hasara huanzia. Sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Simu ya mteja ndiyo kwanza inamwomba namba ya siri. Anaweza kuiweka, kughairi au kuiacha simu mezani.

Matokeo huja baadaye, kwa webhuku. Katika ombi lake duka liliacha anwani, na Daraja hupeleka taarifa hapo tukio likishatokea, bila duka kuulizauliza. Taarifa ikiwa na 0, malipo yamekamilika. Ikiwa na 1032, mteja ameghairi. Malipo yaliyokamilika huja na kiasi na namba ya risiti, na kitambulisho cha ombi huonyesha ni oda ipi.

Seva ihifadhi taarifa hiyo, ijibu haraka kwamba imeipata, kisha iiweke kwenye foleni. Kutoka hapo stoo hupunguza bidhaa, uhasibu huandika mapato, mteja hutumiwa ujumbe. Kila sehemu hufanya kazi kwa wakati wake, na moja ikikwama nyingine huendelea. Huo ndio mfumo unaoendeshwa na matukio.

Lakini taarifa inaweza kufika mara mbili, kwa hiyo risiti iliyokwisha kuandikwa isiandikwe tena, la sivyo mzigo mmoja utatoka mara mbili. Inaweza isifike kabisa. Muda ukipita, duka liiulize Daraja hali ya muamala. Tena inaweza kughushiwa, kwa kuwa anwani ya webhuku iko wazi kwenye intaneti. Mifumo mingine ya webhuku, kama ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, humwezesha mpokeaji kuweka neno la siri ili kila taarifa ije na saini ya HMAC ya kuihakiki. Pasipo saini ya namna hiyo, linganisha kiasi na oda, kisha iulize Daraja upya kabla ya kutoa mzigo.

Malipo yaliyofaulu hayatoshi kuupima mfumo. Katika mazingira ya majaribio, ghairi malipo, rudia taarifa ileile, zima seva muamala ukiwa katikati. Hesabu za duka zikiendelea kulingana na miamala yenyewe, hapo wafungulie wateja. Fedha ni zao, na wana haki ya kupata walicholipia.