‘Run’ si kukimbia tu

Tangu Kipchoge Keino anyakue dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, mbio zimekuwa riziki ya watu wa Eldoret, na uwanja wa michezo hapa una jina lake. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi wa huku akikutana na kitenzi cha Kiingereza ‘run’, anaandika kukimbia na kwenda zake.

Kumbe kitenzi hicho kina mambo. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kuu ya Oxford, alikaa nacho miezi tisa, akatoka na maana 645.

Dawa yake ni kumtazama mtendaji kwanza. Mto Sosiani hutiririka. Matatu hufanya safari za Kitale. Duka huendeshwa, shamba la mahindi husimamiwa, na mtoto mwenye mafua hutokwa na makamasi. Unga ukimalizika jikoni, mama ameishiwa na unga. Hakuna aliyekimbia hapo.

Kinachonikera ni siasa. Utasikia “anakimbia kiti cha udiwani”, Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kiswahili kina kuwania, kina kugombea (ambamo ugomvi umo tayari), na kabla mtu hajatangaza nia, magazeti husema anakimezea mate kiti. “Mbio za urais” zimeshazoeleka; hizo sizipingi.

Kukimbia nako kuna uzito ambao ‘run’ peke yake haiubebi. Mtu hukimbia vita, hukimbia deni, humkimbia hata mumewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu waliokimbia makwao walipiga hema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Tuliwaita wakimbizi wa ndani, wala hakuna aliyewachanganya na wakimbiaji wanaojifua alfajiri kule Kaptagat. Shina ni lilelile, ila kiambishi -aji humtaja anayefanya jambo kwa mazoea au kwa kazi, ilhali mkimbizi ametimuliwa na hatari. Kutoka shina hilohilo tumepata pia kimbilio, mahali anapopata usalama. Kiingereza kingelazimika kutafuta maneno mengine kabisa.

Kampeni za 2027 zinabisha hodi. Ndugu watangazaji, tafadhali semeni mwanasiasa anawania kiti.