Kadi ya mtoto, bei ya ghorofa

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba gunia likifika limelowa, bei huanguka. Nchini Canada, wanaokusanya kadi za wachezaji wa hoki ya barafuni wanaishi kwa kanuni hiyo hiyo.

Mwaka 1979 kampuni ya O-Pee-Chee ya Ontario ilitoa kadi hizo kwenye pakiti za chingamu. Kadi namba 18 ilikuwa ya kwanza ya kijana wa Edmonton Oilers, Wayne Gretzky. Alistaafu mwaka 1999 akiwa na pointi nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi ya NHL.

Watoto walizichezea, wakazifunga kwa mpira, na kingo zake za buluu zikachubuka. Zilizobaki safi ni chache mno. Wapimaji wa kampuni ya PSA huipa kadi alama 1 hadi 10 kwa kukagua pembe, kingo na uso. Mwaka 2021, kadi ya Gretzky yenye alama 10 iliuzwa dola milioni 3.75. Bei za namna hiyo zimezaa kadi bandia, hivyo mnunuzi makini huthibitisha cheti kabla ya kulipa.

Lakini si kila mwenye kadi anatafuta faida. Mashabiki wengine humtumia mchezaji kadi yake kwa posta, pamoja na bahasha yenye stempu na anwani yao, wakiomba saini. Wapo wanaongoja miezi. Wapo wasiojibiwa kabisa. Anayerudishiwa kadi iliyoandikwa jina lake haiuzi kirahisi.