Lenana umemaliza? Subiri kabla ya Batian

Umefika Point Lenana, mita 4,985, na picha imepata laiki kibao. Sasa roho inataka Batian. Pole pole, msee. Lenana unatembea, Batian, mita 5,199, ni mwamba mtupu wa kupandwa kwa kamba.

Kwa mpanda milima mzoefu anayetoka Rapsu, Isiolo, swali la kwanza ni mwezi, si bei. Mlima Kenya uko karibu kabisa na ikweta. Katikati ya mwaka jua hupigia kaskazini na mwamba wa huko hukauka. Basi Julai hadi Septemba ingia lango la Sirimon, lala kambi ya Shipton, upande kutoka kaskazini. Ukiwa na nafasi Januari au Februari, geukia kusini: pitia Naro Moru, uanze na Nelion, mita 5,188.

Pili, mwili. Umetoka tambarare ya joto. Ukikimbilia juu, kichwa kitagonga na utatapika. Jipe siku tatu, nne za kuzoea hewa nyepesi.

Tatu, mwelekezi. Muulize amepanda njia hiyo hiyo mara ngapi, na hali ya hewa ikichafuka hugeukia wapi. Akibabaika, tafuta mwingine. Kilele hakihami.