Namna ya Kufungua na Kuandaa Chupa Kubwa ya Divai ya Miaka Mingi

Vyama vyetu vinavyolima zabibu vimezoea divai inayonywewa ingali changa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na sehemu kubwa ya divai itokanayo nazo haingoji miaka mingi kabla ya kufika mezani. Lakini ipo divai iliyotengenezwa makusudi ili ikae, na yumkini chama kikaletewa zawadi ya chupa ya namna hiyo na wageni wa ushirika wa nchi nyingine. Aghalabu zawadi hiyo huwa chupa kubwa, na kwa kuwa wenyeji hawana haja ya kuijua mpaka siku inapofika, hufunguliwa kwa pupa mbele ya watu na kuharibika. Chupa ya mwaka uliopita haiwezi kutengenezwa upya, hata fedha ziwepo.

Nitachukua mfano wa Barbaresco, divai nyekundu ya jimbo la Piemonte, kaskazini ya Italia, kwa sababu sehemu yake nzuri ni kazi ya wanaushirika wenzetu. Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa chuo cha utengenezaji divai cha mji wa Alba, aliwakusanya wakulima tisa wa kijiji cha Barbaresco wakatengeneza divai yao kwa pamoja. Chama hicho kilifungwa wakati wa utawala wa Kifashisti. Mwaka 1958 padri wa kijiji, Fiorino Marengo, aliziunganisha familia 19 na kukianzisha upya kwa jina la Produttori del Barbaresco. Divai zao za mwanzo zilitengenezwa katika chumba cha chini ya kanisa, kwani hawakuwa na jengo. Chama hicho kingali hai, na mwanachama hulipwa kwa kutazama ubora wa zabibu alizoleta, si uzito peke yake. Jambo ambalo baadhi ya halmashauri zetu zingefaa kulitafakari.

Divai hiyo hutokana na zabibu iitwayo Nebbiolo. Sheria ya Italia huitaka ikae muda usiopungua miezi 26 kabla ya kuuzwa, na ile ya daraja la Riserva miezi 50. Ikiwa changa ina ukakasi mkali, mfano wa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Kadiri miaka inavyopita, viini vya ukakasi na vya rangi hushikamana, vikawa vizito, vikazama. Divai hulainika, rangi yake huelekea ile ya tofali, na chini ya chupa hubaki mashapo. Mashapo hayo si sumu wala si dalili ya uchafu, ila ni machungu na huharibu ladha yakichanganyika na divai.

Chupa ya kawaida hubeba mililita 750. Ile iitwayo magnum hubeba lita 1.5, na ziko za lita 3 na zaidi. Ukubwa huo si wa fahari tu. Nafasi ya hewa iliyo kati ya kizibo na divai hulingana takriban katika chupa ndogo na kubwa, hivyo katika chupa kubwa kila lita hupata hewa kidogo, na divai huzeeka polepole. Ndiyo sababu wenye kutaka kuweka divai miaka 20 au 30 huchagua chupa kubwa. Lakini mashapo nayo huwa mengi zaidi, na hapa ndipo kazi ilipo.

Chupa iliyokuwa imelazwa isimamishwe wima siku mbili au tatu kabla ya shughuli, katika chumba chenye ubaridi na giza, na isiguswe. Nisisitize jambo hili kuliko mengine yote. Chupa iliyosafirishwa kwa gari katika barabara yenye mashimo asubuhi na kufunguliwa mchana huwa imekorogeka, na hakuna ustadi wa mikono utakaoisafisha saa ile.

Siku yenyewe, kifuniko cha juu kikatwe chini ya ukingo wa mdomo, na shingo ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Kizibo cha miaka mingi huwa kimelowa na kulegea; kizibuo kiingizwe katikati, taratibu, bila kugeuza chupa, kisha kivutwe kwa nguvu moja isiyoshtuka. Kipo pia kizibuo kisicho na parafujo, chenye bapa mbili nyembamba za chuma zinazopenyezwa baina ya kizibo na kioo. Hicho hufaa kizibo kinachotishia kumeguka. Nimewahi kuona kizibo kikisukumwa ndani kwa mpini wa mwiko, na wageni wakatafuna vipande vyake kwa adabu. Kikimeguka, divai ichujwe kwa kitambaa safi cha pamba kisichonukia sabuni.

Kabla ya kuwapa watu, mtu mmoja anuse na kuonja. Ikinuka kama karatasi au gunia lililooza kwa unyevu, kizibo kiliambukizwa, na hakuna dawa.

Kisha divai ihamishiwe katika majagi ya kioo. Magnum moja huhitaji majagi mawili, yakae karibu, kwani mmiminaji hapaswi kuisimamisha chupa katikati ya kazi. Kila inapoinuliwa, mashapo hurudi nyuma na kutibuka. Mshumaa au tochi iwekwe nyuma ya shingo ili mmiminaji aone ndani. Amimine polepole, na utepe mweusi wa mashapo unapofika begani mwa chupa, aache. Divai ya miaka 10 au 15 yaweza kupumzika katika jagi saa moja. Iliyozeeka sana inywewe mapema, maana harufu yake hupotea upesi.

Joto linalofaa ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Kwa hali ya hewa yetu jagi liwekwe katika ndoo ya maji yenye barafu kidogo, kwa dakika chache tu. Barafu isitiwe ndani ya divai.

Kuhusu kugawa, magnum hutoa bilauri 12 za mililita 125, au 11 ukiacha mashapo. Kama waliohudhuria ni wengi, mililita 50 kwa kila mmoja zitawatosha watu 28, nami naona hiyo ni bora kuliko viongozi kunywa na wanachama kutazama. Wapo wasiotumia kileo; waandaliwe kinywaji chao mapema, katika bilauri zile zile, wasiulizwe maswali.

Chupa ikipokelewa kama zawadi kwa chama, ni mali ya chama. Iandikwe katika daftari la mali siku ile ile, pamoja na jina la mtoaji na mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye lebo. Siku ya kuifungua iandikwe tena, kwa idhini ya halmashauri, pamoja na idadi ya waliohudhuria, ili mkaguzi atakapofika asiikute daftarini na kuikosa ghalani.