Kompyuta Huandika Inachoambiwa

Ndugu msomaji, je, umewahi kuandikiwa barua kwa kompyuta? Wengine huiita tarakilishi. Ina kioo kama televisheni, na vitufe vya herufi kama taipureta. Watu wengi huiogopa. Hata sisi walimu tuliiogopa.

Tuliigusa mara ya kwanza mwaka 2010, tukiwa chuo cha ualimu. Tulikaa watu watatu kwenye mashine moja. Baadaye, tulipoanza kazi, tuliandika orodha ya wanakisomo 40. Kabla hatujaihifadhi, umeme ukakatika. Uliporudi, majina yote hayapo! Hapo tukajifunza kuwa kompyuta haitunzi kitu mpaka uiamuru.

Serikali nayo ilipata somo kama hilo zamani. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Wataalamu walikuwa wachache, na hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye.

Leo kompyuta zimejaa mjini. Ukienda Kariakoo, utakuta vijiduka vingi vya kuchapa barua, kutoa kopi na kujaza fomu. Kijana anakuuliza, vidole vyake vinakimbia, unalipa, unaondoka. Hapo ndipo penye hatari.

Tunamkumbuka mzee mmoja, mwanakisomo wetu. Alikuja mjini kufuatilia mirathi ya mdogo wake, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Akachapiwa barua katika duka moja. Jina la marehemu lilikuwa na herufi r. Kijana akaandika l. Mzee akafika ofisini. Akaambiwa, "Jina hili silo lililo kwenye cheti cha kifo." Akarudi kuchapisha upya. Alikaa mjini siku tatu zaidi, mpaka nauli ya kurudi ikaisha.

Tulimwuliza, "Mzee, si unajua kusoma? Mbona hukuisoma?"

Akajibu, "Mwalimu, mimi nilidhani mashine haikosei."

Ndugu, kompyuta haijui jina lako. Ukibonyeza l, itaandika l. Haiwezi kujua kwamba ulitaka r. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Andika majina na namba kwenye karatasi, kama yalivyo kwenye kitambulisho au cheti chako.

2. Kabla barua haijatolewa, mwambie kijana akugeuzie kioo. Soma polepole, herufi kwa herufi, namba kwa namba.

3. Ikitoka, isome tena kabla hujalipa.

4. Namba yako ya siri ya simu au benki usimpe mtu yeyote.

Usione haya kumchelewesha kijana. Barua ni yako, na hasara ni yako. Kusoma kule ulikojifunza chini ya mwembe ndiko kutakakokulinda mbele ya kompyuta. Kutumie!